Gari Likilia Chini

Jumamosi moja ya mvua, mwalimu mmoja mstaafu aliniletea Peugeot 504 yake hapa karakanani kwangu Mugutha akiwa amekata tamaa. "Fundi," akaniambia, "tairi mbili nimenunua, rakendi zote za usukani nimebadilisha, alaimenti nimefanyiwa mara mbili. Bado nikikanyaga breki linavuta kushoto." Akanipa bahasha ya risiti. Vipuri vyote vilikuwa vizuri. Kilichonisikitisha ni kwamba hakuna aliyelala chini ya gari lile kabla ya kumtuma mzee dukani.

Nimefanya kazi ya chini ya magari miaka mingi, na hili ndilo ninalowaomba wenye magari ya zamani: tafuteni kilicholegea kwanza, pesa mtoe baadaye. Mguu wa mbele una viungo vingi vinavyosukumana, kwa hiyo mtetemo unaofika mkononi mwako huenda ulianzia mbali na usukani.

Magari haya yanastahili subira hiyo. 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na takriban 27,000 ziliunganishwa hapa Kenya. Ove Andersson alishinda Safari Rally nayo mwaka 1975, kisha Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978 na ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Wengi wetu tunaikumbuka zaidi ikiwa gari la abiria, enzi ambazo kupanda "Peugeot" kulimaanisha safari ya mbali.

Mimi huanza na barabara, na bahati yangu ni kwamba ninazo mbili. Kutoka karakana kwenda lami ni murram yenye mashimo. Hapo naendesha polepole, vioo vikiwa chini, nikisikiliza. Mlio wa "ko-ko" kwenye kila kijiwe mara nyingi ni bushi au viungo vya stabilaiza. Gari likipita tuta kisha likaendelea kudundadunda, shoki zimekwisha. Baadaye naingia barabara kuu ya Thika. Likitetemeka kuanzia kilomita 80 kwa saa, kisha likatulia ukiongeza mwendo, angalia balansi ya magurudumu au rimu iliyopinda. Likitetemeka unapofunga breki tu, shuku diski. Lakini likigonga shimo moja na usukani ukaendelea kucheza wenyewe, rudi polepole, maana kuna kitu kimelegea.

Gari likivuta upande mmoja wakati wote, badilisha tairi za mbele, ya kushoto iende kulia. Likianza kuvuta upande wa pili, kosa ni la tairi. Sogeza pia kiganja karibu na kila rimu baada ya safari, bila kuigusa kwanza. Yenye joto kali kuliko mwenzake, breki yake haiachii.

Kipimo ninachokipenda hakihitaji mashine, kinahitaji watu wawili. Gari linabaki chini kwa magurudumu yake, injini imezimwa. Kijana wangu anakaa ndani, anapeleka usukani kushoto na kulia, upana wa vidole viwili tu, bila kuacha. Mimi niko chini, nimeshika kiungo kimoja baada ya kingine. Kiungo kizima husogea pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kilichochakaa, upande mmoja hutangulia na mwingine hufuata, na kidole hukisikia kabla ya sikio. Rakendi imejificha ndani ya mpira wake, kwa hiyo naubinya ule mpira nikisubiri mgongano. Wengi hukosea hapa: wanatikisa gurudumu likiwa hewani, wanasikia mlio, wanabadilisha kila kitu.

Kuinua gari nako kuna akili yake, na usiingie chini pasipo stendi imara. Kwenye 504 springi imekaa juu ya shoki, basi unainua bodi na kuacha gurudumu lining'inie. Mercedes W123 ni tofauti: springi yake inakandamiza mkono wa chini, kwa hiyo jeki huwekwa chini ya mkono huo karibu na boljointi. La sivyo springi hukaza kiungo, ukakiona kizima kumbe kimekufa. Kisha shika tairi juu na chini, usukume na kuvuta. Gurudumu likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Ulegevu ukitoweka, ni beringi. Ukibaki, tazama boljointi.

Gari la mwalimu lilifaulu yote hayo. Ndipo nikachukua mtaimbo mfupi, nikausukuma mkono wa chini wa kushoto kuelekea nyuma. Ukaenda, karibu unene wa kidole, kisha ukarudi taratibu. Mpira wa bushi ulikuwa umebanduka kwenye chuma chake, na kwa nje ulionekana mzima kabisa. Akifunga breki, gurudumu lilirudi nyuma pamoja na mkono ule na kugeuka kidogo. Alaimenti isingemsaidia kamwe, kwa kuwa hupimwa gari likiwa limesimama, na likiwa limesimama lilikuwa sawa.

Tuliweka bushi mpya pande zote mbili. Nati za mwisho hazikazwi gari likiwa juu. Mpira wa bushi hujikunja kadiri mkono unavyopanda na kushuka. Ukiukaza magurudumu yakining'inia, utakaa umejisokota siku zote gari likiwa chini, nao utachanika mapema. Tulilishusha, tukalitikisa likae vizuri, ndipo nikakaza. Alaimenti ikaja mwisho kabisa.

Jioni tulitoka naye kujaribu. Nilimwomba ashike usukani kwa wepesi, kisha akanyage breki. Akakanyaga mara tatu kabla hatujafika lami. Mara ya nne akasimamisha gari kando, akaniomba ile bushi ya zamani aende akamwonyeshe mkewe.