Kisigino Kinapouma Asubuhi

Wapo watu ambao adha yao kubwa ya siku ni hatua ile ya kwanza ya asubuhi. Wakikanyaga sakafu tu, kisigino huchoma kama kilichoingiwa na msumari. Wakitembea kidogo maumivu hupungua. Wakikaa kitambo kisha wakainuka, hurudi. Mwalimu asimamaye ubaoni kutwa, mama auzaye sokoni na mlinzi wa lango ni miongoni mwa wapatwao mara nyingi, hasa wenye umri wa miaka 40 hadi 60.

Chini ya unyayo upo utepe wa nyuzi ngumu, uanzao kwenye mfupa wa kisigino ukaelekea vidoleni. Huushikilia uvungu wa unyayo kama upote uushikavyo upinde. Uzito au kusimama kukizidi, utepe huo huumia pale uliposhikana na mfupa. Usiku hukazana, asubuhi huvutwa ghafula. Wengine wakipigwa picha ya eksirei huonyeshwa kijimwiba cha mfupa, nao hutaka kikatwe upesi. Lakini vijimwiba hivyo huonekana hata kwa watu wasioumwa kabisa.

Tiba ya viungo huanzia kitandani, kabla unyayo haujagusa chini. Kaa, upandishe mguu unaouma juu ya goti la pili, kisha vivute vidole kuelekea muundi mpaka unyayo ukazike. Hesabu hadi 10, uachie. Fanya hivyo mara 10, na zoezi zima mara 3 kwa siku. Zoezi hili lilijaribiwa Marekani na matokeo yakatangazwa mwaka 2003.

Lingine lilitangazwa Denmark mwaka 2014. Simama ukingoni mwa kidato cha ngazi, taulo iliyoviringwa ikiwa chini ya vidole, ushike ukuta. Jiinue kwa hesabu ya 3, tulia kwa 2, shuka kwa 3. Hufanywa siku moja, ikapumzikwa siku moja. Nafuu huja kwa majuma, pengine miezi, na wengi huacha mapema.

Sindano hutuliza kwa muda tu, na ikikaririwa yaweza kuudhoofisha utepe hata ukakatika. Kandambili nyembamba ziwekwe kando. Ama kumwambia mama wa sokoni apumzike mwezi mzima, hayo ni maneno matupu; heri apatiwe kigoda.

Kisigino kikivimba na kuwa chekundu, kikifa ganzi, au kikiuma usiku mguu umelala, mgonjwa asijitibu nyumbani bali aende hospitali. Mwenye kisukari asingoje hata hayo.