Moshi Uliobaki Masako

Mama wa Kisangani akiwasha makala katika mbabula yake huona amepata moto safi. Sufuria haishiki masizi mengi, wala macho hayamwashi. Lakini moshi wa mti ule ulikwenda wapi? Ulitoka siku mti ulipochomwa kuwa makala, na wako watu waliouvuta.

Masako iko kilomita 14 hivi kutoka mjini, kwenye barabara ya zamani ya Buta, mahali mto Tshopo unapofanya pindo kubwa. Hapo upo msitu wa hifadhi, hekta 2,105, uliowekwa mwaka 1953, nao walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani huuendea kwa utafiti. Wenyeji wa kandokando hulima, hukata kuni, na huchoma makala ya kuuza mjini. Maana ingawa maporomoko ya Tshopo yana mitambo ya umeme, nyumba nyingi zingali zikipikia makala. Fedha hiyo hulipa karo na dawa. Basi mtu asiidharau kazi hiyo.

Magogo hupangwa, hufunikwa majani na udongo, kisha moto hutiwa kwa tundu dogo. Siri yote ni kuunyima moto hewa: ukiipata ya kutosha, mti huwa majivu matupu. Ndiyo sababu mchomaji hukesha karibu na tanuru lake, akiziba kila ufa unaotokea, na uso wake u katika moshi.

Sasa moto ulionyimwa hewa haumalizi kazi yake. Vipande vidogo mno vya mti, visivyokwisha kuungua, huungana tena na kufanya sumu za namna nyingi. Mojawapo huitwa benzopirini, nayo hushikamana na masizi na lami. Mtu akiivuta, mwili hujaribu kuigeuza ili uitoe. Kumbe katika kugeuzwa huko sehemu yake hupata nguvu ya kuharibu chembe za urithi. Hapo saratani, yaani kansa, yaweza kuanza, na kuonekana baada ya miaka mingi.

Mwaka 1775 daktari Mwingereza, Percivall Pott, alieleza kwamba wasafishaji wa mabomba ya moshi, kazi waliyoianza wangali watoto, walipatwa na saratani ya sehemu za siri kwa sababu ya masizi. Mwaka 1915 Yamagiwa na Ichikawa huko Japani walipaka lami ya makaa ya mawe masikioni mwa sungura, tena na tena, hata saratani ikatokea. Mwaka 1933 wataalamu wa London wakaitenga benzopirini yenyewe katika lami hiyo. Siku hizi shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kwa hakika kuwaletea wanadamu saratani. Moshi wa kuni za nyumbani umo katika kundi la pili, la vitu vinavyodhaniwa sana.

Wako watakaosema, “Wazee wetu waliishi katika moshi.” Ni kweli, na wangapi walikufa kwa kikohozi, nasi tukasema wamelogwa?

Huko Xuanwei, nchini China, wanawake wasiovuta sigara walikufa kwa saratani ya mapafu, kwa kuwa walipikia makaa ya mawe ndani ya nyumba zisizo na dohani. Nyumba zilipowekewa dohani, ugonjwa huo ulipungua katika miaka iliyofuata. Hawakuacha kupika; moshi ulipewa njia tu.

Kwa Masako, tanuru lijengwe mbali na nyumba, na mchomaji asimame upande utokako upepo. Mama mjamzito na watoto wasipewe zamu ya kulilinda. Wanaokausha samaki nao watumie kuni kavu, na chanja iinuliwe juu, kwa maana mafuta yakidondokea moto huzaa sumu ile ile. Plastiki na mipira ya magari isitiwe kamwe motoni.

Na yule wa mjini asidhani mbabula yake haina neno. Makala hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyoonekana wala kunuka; wanaofunga mlango na kulala nayo chumbani kwa kukimbia baridi ya mvua waweza wasiamke asubuhi. Mbabula ikae nje, hata ikiwa makala yamebaki machache.