Bakigamoni: Hatua moja inayookoa kete yako

Anayejifunza bakigamoni kwenye simu hufungwa mara nyingi kwa njia ileile. Anakimbiza kete mbele, anaacha moja imesimama peke yake, mpinzani anarusha dadu na kuipiga. Kete hiyo hutolewa ubaoni na lazima ianze safari upya kutoka nyumbani kwa mpinzani, yaani ile robo ya ubao yenye pembe zake sita za mwisho.

Mchezo huu, ambao Waarabu huuita tawla, una pembe 24 ubaoni na kete 15 kila upande. Kete mbili zikikaa pembe moja, mpinzani hawezi kutua hapo. Ikikaa moja, ni halali yake.

Kinga basi ni hesabu. Dadu mbili zina matokeo 36. Njia ikiwa wazi na kete yako iko hatua 6 mbele ya kete ya mpinzani, matokeo 17 yanaipiga. Hiyo ni karibu nusu! Isogeze iwe hatua 7, yanabaki 6 tu, kwa sababu sasa dadu moja peke yake haiwezi kuifikia. Na kama huwezi kutoka ndani ya hatua 6, afadhali ukae karibu kabisa: kwa umbali wa hatua 1 ni matokeo 11.

Tazama pia ni wapi unapigwa. Kete ikipigwa nyumbani kwa mpinzani, ilikuwa bado haijafika mbali, hasara ni ndogo. Ikipigwa kwenye pembe ya 5 nyumbani kwako, zimepotea hatua 20, na mrusho mmoja wa dadu kwa wastani ni kama hatua 8 hivi.

Halafu kuna nanga: kete zako mbili zikae pembe moja nyumbani kwa mpinzani, bora zaidi kwenye pembe yake ya 5. Paul Magriel, Mmarekani aliyeandika kitabu kinachojulikana sana cha mchezo huu mwaka 1976, aliiita pembe ya dhahabu. Ukiishika, mpinzani hawezi kukufungia milango yote sita.

Lakini woga nao unafungisha watu. Mchezo unapoanza, mpinzani amefunga pembe moja tu nyumbani kwake, kwa hiyo ukipigwa, ni tokeo 1 kati ya 36 linalokuzuia kurudi ubaoni. Huo ndio wakati wa kuthubutu, kuacha kete moja ili mrusho unaofuata ujenge pembe nzuri. Akishafunga pembe tano, matokeo 25 yanakuacha nje ukimtazama akicheza peke yake. Akimaliza kabla hujatoa hata kete moja, umefungwa mara mbili.