Kutoka Mtego wa Kijiji hadi Utabiri wa Kanda

Sayansi ya wananchi ni utaratibu ambao watu wasio wanasayansi kwa taaluma hukusanya takwimu na kushiriki katika maamuzi yanayotokana nazo. Wilaya ya Kilosa, nchini Tanzania, ina nafasi ya pekee katika historia ya utaratibu huo, kwa kuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndiko ulikojaribiwa utabiri wa viwavijeshi unaoendeshwa na wanakijiji wenyewe.

Viwavijeshi ni viwavi wa nondo anayehama usiku, nao hushambulia mahindi, mtama, mpunga na malisho, na katika mlipuko mkubwa wanaweza kuzidi 1,000 katika mita moja ya mraba. Hapo awali takwimu za mitego zilipelekwa Tengeru, Arusha, ambako utabiri ulitolewa kwa wilaya nzima, hivyo taarifa iliweza kumfikia mkulima viwavi wakiwa wamekwisha kuingia shambani, tena bila kumwambia ni kijiji kipi hasa kilichokuwa hatarini.

Katika njia mpya, wakulima waliochaguliwa kijijini hufundishwa na kukabidhiwa mtego na kipima mvua. Ndani ya mtego huwekwa kidonge chenye harufu iliyotengenezwa kufanana na ya nondo jike, ambayo madume huifuata hadi wakanaswa. Mtabiri huwahesabu nondo, husoma kiasi cha mvua na kuandika vyote viwili, kwa sababu mvua huwakusanya nondo mahali pamoja na kuotesha majani mabichi yanayolisha viwavi wachanga. Dalili zikikutana, tangazo hutolewa mikutanoni, shuleni, misikitini na makanisani, ili kila kaya ikague shamba lake viwavi wakiwa bado wadogo.

Hata hivyo, nondo hawa husafiri na upepo na kuvuka mipaka, na milipuko inayoanza Tanzania na kusini mwa Kenya huweza kufuatiwa, miezi kadhaa baadaye, na mingine Ethiopia. Ndiyo maana njia hiyo ilipelekwa Kenya na Ethiopia pia. Kiwavijeshi vamizi kutoka mabara ya Amerika alipogunduliwa Afrika mwaka 2016, utaratibu kama huo ulitumika dhidi yake katika nchi 6, yaani Burundi, Ethiopia, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda, na mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilizindua programu ya simu ya kukusanya taarifa za mashambani.

Upanuzi wa namna hii hudai mitego ya aina moja na kanuni moja ya kuhesabu, kwani takwimu zilizopimwa kwa vipimo tofauti haziwezi kulinganishwa. Pamoja na hayo, mkulima anayetuma hesabu bila kurudishiwa jibu huchoka na kuacha, na mtandao mzima hupoteza macho yake. Mradi unaovuka mipaka hauna budi, kwa hiyo, kumwachia mtabiri wa kijiji uwezo wa kusoma takwimu zake na kuwaonya majirani zake papo hapo, kabla hazijafika makao makuu yoyote.