Samaki wa Bwawani ni wa Nani?

Mvua za masika hujaza mashimo. Shimo lililochimbwa udongo wa matofali, likikaa na maji miezi michache, huonekana ndani yake kambare, na vijana wa mtaa hufika na ndoano zao. Mwenye kiwanja hutoka na fimbo: shimo langu, na samaki wangu. Hatua chache kutoka hapo jirani mwingine amechimba bwawa, amenunua vifaranga vya sato na anawalisha pumba asubuhi na jioni. Naye usiku huingiliwa na vijana wale wale, wakidai kwamba samaki ni riziki ya Mwenyezi Mungu isiyo na mwenyewe. Je, watu hawa wawili wana haki sawa juu ya samaki waliomo? Jibu ni hapana, na katika makala hii tutaeleza sababu yake, Inshaallah.

Kuhusu uhalali wa kuwala samaki wa maji baridi hatuna haja ya kurefusha. Katika Surat Fatir, aya ya 12, Allah (s.w.) ametaja bahari mbili, ya maji matamu na ya maji ya chumvi, na akabainisha kwamba katika zote mbili watu hupata nyama mpya ya kula. Mto, ziwa na bwawa vinaingia humo.

Tuje kwenye umiliki. Asili ya samaki aliye katika maji ni kuwa mubaha, yaani hana mwenyewe mpaka mtu amtie mkononi. Wanachuoni wanalifungamanisha jambo hili na hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abu Daud, inayowafanya Waislamu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Lakini ndugu msomaji asifikiri kwamba kila samaki aliye majini yuko katika hali hiyo. Linaloangaliwa ni kazi iliyofanywa na mkono wa mtu, na makusudio yake.

Imam Nawawi (631–676 H.) katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa madhehebu ya Shafi wanakijua vizuri, ameeleza kwamba mnyama wa kuwindwa akiingia katika milki ya mtu akakwama, kwa mfano kwa kuzama matopeni, mwenye milki hammiliki kwa sababu hiyo tu, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Na huyo kambare wetu ndiye hasa anayeingia bila kualikwa! Ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa, na usiku wa mvua hujiburura kwenye nchi mbichi kutoka dimbwi moja hadi jingine. Mwenye kiwanja alichimba udongo wa matofali, hakuchimba mtego. Hati ya kiwanja inampa ardhi, haimpi kambare. Anayo haki ya kuwazuia watu wasiingie kwake, na anayeingia bila idhini anapata dhambi ya kuingia, lakini samaki aliyemvua humo huwa wake.

Mambo hubadilika mwenye shimo akikusudia uvuvi. Akichimba ili samaki waingie, au wakishaingia akaziba njia ya kutokea, hapo amefanya kitendo cha kuwinda. Wafuasi wa Imam Shafi wakatofautisha: bwawa likiwa dogo, samaki anachukuliwa bila tabu, amekwisha kummiliki. Likiwa kubwa, bado hajammiliki, ila yeye ndiye mwenye haki zaidi, na si halali kwa mwingine kumtangulia bila idhini yake.

Kwamba kuchimba shimo ni kuvua kunaonekana pia katika kisa cha watu wa Sabato kilichomo katika Surat al-A'raf, aya ya 163. Wafasiri wanaeleza kuwa walikatazwa kuvua Jumamosi, basi wakachimba mashimo na mifereji, samaki wakaingia siku ile iliyokatazwa, wao wakaja kuwachukua Jumapili wakidai hawakuvua. Hila hiyo haikuwafaa kitu.

Ama yule aliyenunua vifaranga, mambo yake ni mepesi zaidi. Aliwamiliki kabla hawajaingia majini, na kuwatia bwawani ni sawa na kutia kuku bandani. Anayewavua usiku anakula mali ya mtu, na ndoano haimpi udhuru.

Sasa, mtu akishamiliki, je, aweza kuwauza wakiwa bado majini? Hapa ndipo wafanyabiashara wengi wanapoteleza. Mchuuzi husimama ukingoni, akakadiria kwa macho, akanunua "bwawa zima" kwa bei ya jumla. Kesho bwawa likikaushwa, mmoja wao hulia. Hii ndiyo gharar, biashara ya kitu kisichojulikana kipimo chake. Ibn Qudama (aliyefariki 620 H.) katika al-Mughni ameweka masharti matatu ya kufaa kwa uuzaji huo: samaki wawe wamemilikiwa, maji yawe maangavu yasiyozuia kuwaona, na iwezekane kuwakamata. Mabwawa yetu, yenye maji ya kijani kwa ajili ya mbolea, aghalabu huanguka katika sharti la pili.

Suala hili ni la zamani. Abu Yusuf (aliyefariki 182 H.), kadhi mkuu wa Harun al-Rashid, alimwandikia khalifa huyo Kitab al-Kharaj kuhusu kodi, na ndani yake akajibu swali la samaki wa vinamasi vya Iraq. Alikataza kuuzwa kabla ya kuvuliwa, isipokuwa wale wanaoshikwa kwa mkono bila kuwindwa, akapokea makatazo hayo kutoka kwa Sayyidna Umar na Ibn Masud (r.a.). Lakini katika mlango huo huo amenakili kwamba Sayyidna Ali (r.a.) alikiwekea kinamasi cha Burs dirhamu 4,000, akawaandikia watu wake hati juu ya kipande cha ngozi, na kwamba Umar bin Abdulaziz alipoulizwa hakuona ubaya. Sisi tunaona njia iliyo karibu ya kuzipatanisha riwaya hizi ni kuwa malipo yale yalikuwa ya eneo, pamoja na matete yake, na si bei ya samaki wasioonekana. Kukodi bwawa kwa ajili ya kuvua Ibn Qudama amekujuzisha.

Kwa hiyo njia ya salama ni kuvuta kokoro kwanza kisha kupima kwa kilo. Anayehitaji fedha mapema anaweza kufanya salam: anapokea bei yote taslimu, wanataja aina ya samaki, ukubwa, kilo na siku ya kukabidhi. Ila asifunge mkataba kwa "samaki wa bwawa hili", kwa sababu bwawa moja laweza kufa lote kwa usiku mmoja, kama wanachuoni walivyokataza salam ya matunda ya bustani moja maalumu.

Siku hizi yapo mabwawa ya kuvua kwa kiingilio. Kiingilio kikiwa ni cha mahali na muda, na samaki akapimwa na kulipiwa wakati wa kutoka, ni ijara na mauziano, hakuna tatizo. Kikiwa ndiyo bei ya chochote atakachokipata, huku mmoja akiondoka na samaki kumi na mwenzake mikono mitupu, tunaona hiyo ni gharar.

Limebaki swali la mafuriko. Bwawa limevunja ukingo, sato wamehamia kwa jirani. Minhaj inasema aliyemiliki mnyama hapotezi milki yake kwa kutoroka kwake, na njiwa wakihamia mnara wa mtu mwingine ni lazima warudishwe. Basi jirani awarudishe. Wakichanganyika na samaki wake wasitambulikane, mmoja hawezi kumuuzia mtu wa tatu sehemu yoyote mpaka waelewane. Bali wakiingia mtoni na kuchanganyika na samaki wasio na idadi, watu hawazuiwi kuvua mto huo.