Mwanamke, Rangi na Lugha katika Kisomo cha Ukambani

Makala haya yanachunguza swali ambalo sisi wanafunzi wa isimujamii hulipita haraka: kwa nini madarasa ya ngumbaru ya Kitui na Makueni hujaa wanawake kuliko wanaume? Hujibiwa kwamba wasichana walinyimwa shule. Ni kweli, ila jibu hilo halielezi nafasi ya lugha.

Wakati wa ukoloni, shule za Kenya zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, Mwafrika akipata fungu dogo kabisa. Kiswahili nacho alikisikia mara nyingi kama lugha ya amri. Alikisikia nani lakini? Wakamba wengi waliandikishwa katika jeshi la KAR, lililoitwa Keya. Wengine walikwenda polisi, kwenye reli, Nairobi na Mombasa. Takriban wote walikuwa wanaume. Wake zao walibaki wakilima na kuchimba matuta katika vikundi vya mwethya, mazungumzo yote yakiwa kwa Kikamba. Kiswahili, basi, kiliingia Ukambani kwa mlango wa wanaume, na ni utawala wa ubaguzi wa rangi uliofungua mlango huo.

Kampeni ya kufuta ujinga ilianzishwa mwaka 1979. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba asilimia 64.2 ya wanaume walijua kusoma na kuandika, na wanawake asilimia 58.9.

Tutazame sasa ubao wenyewe. Kikamba kina irabu saba, Kiswahili tano. Mama asemapo mũndũ, yaani mtu, mwalimu aliyezoea tahajia ya Kiswahili pekee huandika "mundu". Irabu ya mama imepotea, kisha anaambiwa yeye ndiye mzito wa kusoma! (Wapenzi wa Kiswahili tulikubali hili bila kununa.) Wala Kikamba si kigeni katika maandishi: Krapf alichapisha Injili ya Marko kwa lugha hiyo mwaka 1850.

Linaloathirika hapa ni zaidi ya alama za mtihani. Kikundi cha wasusi wa vyondo kina daftari la michango. Asiyeweza kulisoma hulazimika kumwamini anayelishika kalamu, hata fedha zikipungua. Mwalimu anaweza kuanza na daftari hilohilo: majina ya wanachama kwa Kikamba, irabu zote saba zikiwa na alama zake, kisha tarakimu, na baadaye barua ya Kiswahili kwa mnunuzi wa Nairobi.