Nchi yenye bahati ni ipi? Toka Australia mpaka Matombo



Juzi nilikuwa kwenye kafe moja ya intaneti hapa Morogoro mjini, nasubiri foleni ya mashine ipungue. Pembeni yangu kulikuwa na kijana mmoja. Tukasalimiana, kumbe na yeye ni wa kwetu Matombo. Alikuwa anajaza fomu za chuo Australia. Akanigeukia akaniuliza: "Kaka, eti Australia wanaiita nchi yenye bahati, ni kweli? Na sisi je, tuna mkosi gani?"

Nilimjibu juu juu tu, maana muda wake ulikuwa unayoyoma na fomu haijakwisha. Lakini swali lile lilinifuata mpaka nyumbani. Leo nataka nilijibu sawasawa, kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine mnaojiuliza hivyo hivyo mkiwa mbele ya kioo cha kompyuta.

JINA LILIANZA KAMA KEJELI

Wengi hawajui kwamba hilo jina halikuwa sifa. Mwaka 1964 mwandishi mmoja wa Australia, Donald Horne, alitoa kitabu alichokiita The Lucky Country, yaani nchi yenye bahati. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi ina madini, ina ardhi kubwa, imerithi taratibu za utawala toka Uingereza, lakini wanaoiongoza ni watu wa kawaida mno ambao hawabuni kitu. Wanakula bahati tu. Alikuwa anawaonya wenzake kwamba bahati siyo akili.

Sasa watu wakaichukua ile kejeli wakaigeuza sifa. Wakaiweka kwenye matangazo na hotuba. Horne mwenyewe, mpaka anafariki mwaka 2005, alikuwa analalamika kwamba hawakumwelewa.

Je, bado wana bahati? Tuwe wakweli, ukilinganisha na sisi, wanayo. Kuanzia 1991 mpaka korona ilipoingia 2020, karibu miaka 30, uchumi wao haukuwahi kudorora ule mdororo rasmi. Chuma cha mkoa wao wa magharibi kinakwenda China kwa meli kubwa kubwa. Lakini angalia, haikuwa chuma peke yake. Mwaka 1992 waliweka sheria kwamba kila mwajiri lazima amwekee mfanyakazi wake akiba ya uzeeni. Wana kima cha chini cha mshahara kinachopitiwa kila mwaka. Kupiga kura kwao ni lazima tangu 1924, usipopiga unatozwa faini. Hivyo vitu havichimbwi ardhini, wadau. Watu walikaa wakabishana wakavitunga.

Halafu kuna upande wa pili. Nyumba Sydney sasa ni wastani wa zaidi ya dola milioni moja za kwao, na vijana wengi wanasema hawataweza kununua kama wazazi wao walivyonunua. Na wale wenyeji wa asili, ambao wameishi pale miaka isiyopungua 50,000, mpaka leo wanakufa mapema kuliko wenzao, tofauti ni kama miaka minane hivi. Oktoba 2023 kulikuwa na kura ya maoni ya kuwapa chombo cha kulishauri bunge. Ikakataliwa, asilimia kama 60 walisema hapana. Kwa hiyo ukimuuliza mwenyeji wa asili kama nchi yake ina bahati, naye atakuuliza: bahati ya nani?

Hilo swali ndilo nataka tulilete kwetu.

BAHATI YA MATOMBO

Kwa asiyepajua, Matombo iko upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, Morogoro Vijijini. Unatoka mjini kupitia Bigwa, unapita Mkuyuni, unaendelea njia ya Mvuha na Kisaki. Jina lenyewe kwa Kiluguru ni maziwa ya mwanamke, kwa sababu ya umbo la vilele vinavyoonekana pale. Wazee wetu hawakukosea. Mlima unanyonyesha kweli.

Upepo wa bahari unapogonga ile milima unaacha maji yake upande wetu. Kule juu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, wakati kuna mikoa ya nchi hii inayopata milimita 600 na inashukuru. Kwetu kuna ndizi, machungwa, mananasi, mafenesi, karafuu, mdalasini, pilipili manga, iliki. Ukiacha kijiti kimelala chini wiki mbili unakikuta kina majani.

Na kuna Mto Ruvu. Vijito vinavyouanza vinatoka kwenye misitu ile ile. Maji yake ndiyo yanakwenda kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, yenye uwezo wa lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku, na ndiyo yanayonywewa na sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Sensa ya 2022 iliikuta Dar ina watu 5,383,728. Wewe unayesoma hii ukiwa Kinondoni na chupa ya maji mkononi, unakunywa Uluguru. Oktoba na Novemba 2022 Ruvu ulipopungua, Dar ikaingia kwenye mgao, watu wakashika ndoo usiku wa manane. Mwezi huo huo wa Novemba ukasainiwa mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, nalo liko Morogoro Vijijini, litakalobeba lita bilioni 190.

Kwa kipimo hicho basi, Matombo ni Australia ndogo. Sasa njoo uone maisha.

MJOMBA NA KARAFUU ZAKE

Sisi Waluguru ardhi na ukoo tunafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba kwetu siyo mtu wa kusalimia tu sikukuu. Mjomba wangu ana mikarafuu aliyoipanda mwenyewe. Mkarafuu una subira, unakaa miaka kama sita hivi ndipo uanze kukupa kitu cha maana. Mwaka mmoja shangazi akaugua, hela ya hospitali haipo. Akaja mnunuzi, akaangalia miti, karafuu bado changa. Akatoa bei pale pale, ya mti mzima, karafuu zikiwa bado juu. Mjomba akachukua hela. Angefanyaje?

Miezi michache baadaye yule bwana akaja na vijana wake wakachuma, wakaanika kwenye kiwanja cha mjomba mwenyewe, wakapakia. Bei aliyokwenda kuuzia ilikuwa mara kadhaa ya ile aliyotoa. Mjomba alisaidia kubeba magunia mpaka barabarani, akalipwa kibarua. Yaani alilipwa kibarua kwa kubeba karafuu zilizozaliwa na miti yake!

Nilimuuliza kama ana hasira. Akasema, "Mwanangu, mti ni wangu, bei si yangu." Hilo neno sijalisahau.

Na hapo sijagusa lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza, gunia lisizidi kilo 100, lakini nenda barabarani msimu wa mavuno uone magunia yaliyoshonewa kofia juu. Mkulima anauza gunia moja, anatoa gunia na nusu.

Kwa hiyo bahati ipo, mvua ilinyesha, udongo ni mzuri, karafuu zina soko duniani. Kilichokosekana ni vitu vidogo vya kibinadamu: mizani, mkopo wa dharura wenye riba ya kibinadamu, taarifa ya bei, na wakulima kumi wanaosema kwa pamoja "hatuuzi mtini".

TULISHAWAHI KUAMBIWA TUKAE KIMYA

Kuna historia hapa ambayo vijana wengi hawaijui. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza waliona udongo wa Uluguru unamomonyoka, wakaanzisha mpango wa kuwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani. Kwamba udongo ulikuwa unakwenda na maji, hilo lilikuwa kweli. Lakini watu hawakuulizwa. Kazi ilikuwa ngumu, na ukichimba ngazi kwenye udongo mwembamba unatoa juu ule usio na rutuba, mavuno yanashuka. Na nani aliwaambia kwamba ardhi ya ukoo inapangiwa na bwana shamba? Mwaka 1955 ghasia zikalipuka, na zilipolipukia ni hapo hapo Matombo. Mtu akapoteza maisha. Mpango ukaachwa.

Linganisha na hili. Nusu karne baadaye, mashirika ya CARE na WWF yalikuja na mradi mwingine kule Kibungo Juu, kwenye milima hiyo hiyo. Safari hii mkulima aliyekubali kuhifadhi udongo na kupanda miti alilipwa, na waliochangia malipo ni wanaoyatumia maji kule chini: DAWASCO ya wakati ule na Coca-Cola Kwanza. Watu walichimba ngazi. Zile zile babu zao walizozikataa! Hela haikuwa kubwa, na mradi una mwisho wake. Lakini somo limebaki: mlima ni ule ule, mvua ni ile ile, kilichobadilika ni kwamba aliye juu ya mto aliulizwa na akalipwa.

TAIFA ZIMA NI MATOMBO

Hebu tupanue kidogo. Tanzania tuna dhahabu, tuna gesi, tuna tanzanaiti ambayo duniani kote inachimbwa Mererani tu. Sheria ya madini ya 1998 mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Ya 2010 ikapandisha mpaka 4. Mabadiliko ya 2017 yakafikisha 6, kisha serikali ikapata hisa asilimia 16 kwenye kampuni ya Twiga pamoja na Barrick. Je, dhahabu iliongezeka utamu? Hapana. Ni mkataba uliobadilika. Watu walikaa mezani. Unaweza kubisha kama asilimia 6 inatosha, na ubishe, lakini ona kwamba tofauti ya 3 na 6 haikutoka ardhini.

Hata amani ni hivyo hivyo. Tulizoea kuitwa kisiwa cha amani tukadhani ni zawadi, kama Kilimanjaro. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, kukatokea maandamano na ghasia Dar na miji mingine, watu wakauawa, Dar ikawekewa amri ya kutotoka usiku, na intaneti ikazimwa siku kadhaa. Wewe mtu wa kafe unazikumbuka siku zile za kukaa mbele ya mashine isiyofungua kitu, hujui ndugu yako yuko hai ama la. Simpigii mtu kampeni hapa. Ninachosema ni kwamba amani nayo inatengenezwa kwa watu kusikilizwa, na usipoitengeneza inakwisha kama karafuu za mjomba, wewe unaangalia.

Mwalimu Nyerere aliliona hili zamani. Azimio la Arusha la 1967 lilitaja vitu vinne vya maendeleo: ardhi, watu, siasa safi na uongozi bora. Ardhi ni kimoja kati ya vinne! Tumekuwa tukihesabu hicho kimoja na kushangilia.

SASA TUFANYEJE?

Nisije nikaonekana mtu wa kulia tu. Mambo yamesogea. Tangu 2016 ada ya shule za msingi na sekondari mpaka kidato cha nne imefutwa, na Julai 2020 Benki ya Dunia ilituhesabu kwenye nchi za kipato cha kati cha chini. Simu ya kiganjani inaweza kumwambia mkulima bei ya Kariakoo kabla mnunuzi hajafika.

Kwa kijana wa Matombo, au wa Ludewa, au wa Tandahimba, nina mambo mawili ya kuanzia. La kwanza, mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982 kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Ni pale mapato na matumizi ya kijiji yanasomwa. Ulienda lini mara ya mwisho? La pili, nyie mnaojua kuperuzi, tafuteni bei ya karafuu leo hii, iandikeni kwenye karatasi, mtumieni mjomba wenu. Itakugharimu dakika tano za kafe.

Na yule kijana wa fomu? Nenda mdogo wangu, kasome. Sikuzuii. Wahenga walisema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, lakini kwenda kujifunza kwake siyo dhambi. Ukifika huko usiangalie chuma chao. Angalia walivyokaa wakakubaliana nani apate nini, na angalia pia nani waliyemsahau. Halafu uje utuambie, maana mvua kwetu itakuwa bado inanyesha.

Haya wadau, kwenu huko bahati yenu ni nini, na anayeila ni nani? Karibuni tujadili, bila matusi.